Ukuta wa Korido

Ukuta ulipanda na wifi akawa anapotea kidogo kidogo. Kwanza ilipotea miguu na kandambili zake za rangi ya dhahabu, kisha kiuno, kisha kifua, mpaka likabaki jicho moja na nusu ya tabasamu kwenye tundu la tofali la mwisho. Mama Pasi alikuwa upande wa nyuma wa korido, shati la mteja limelala begani.

"Usinifikirie vibaya, wifi yangu," ile nusu ya tabasamu ikasema. "Wateja wa saluni yangu wanataka faragha yao. Na wewe na mikaa yako na mimoshi yako..."

"Pasi yangu ni ya umeme tangu marehemu kaka yako yuko hai."

"Ndiyo hayo hayo. Ukiona hapakaliki, niambie tu. Hivyo vyumba nitavichukua mimi niweke wapangaji, na wewe utafute mahali penye hewa."

Fundi mwashi akaziba tundu. Nyuma ya ukuta mtu akacheka, na kicheko chenyewe kikasikika kama kinatoka ndani ya mtungi.

Nyumba ile ilikuwa ya baba mkwe. Ilijengwa kama zinavyojengwa nyingi: mlango wa mbele barabarani, mlango wa nyuma uani, na korido moja ndefu iliyoipasua katikati, vyumba huku na huku. Kabla hajafa mzee aliigawa mwenyewe. Mbele akampa binti yake, ndiye huyu wifi, nyuma akampa mwanawe wa kiume. Yule mwana akamwoa Mama Pasi, akaishi naye vizuri, kisha homa ikamchukua kabla mkewe hajajua hata ni homa gani. Hawakujaliwa mtoto. Hapo ndipo wifi alipoanza kuvihesabu vyumba vya nyuma kwa macho kila alipopita uani. Mjane asiye na mtoto, kwa mawazo ya wifi, ni mgeni aliyechelewa kuaga.

Kumfukuza waziwazi hakuweza. Mama mkwe alikuwa hai, na maneno ya mzee aliyasikia kwa masikio yake mawili. Kwa hiyo wifi akaamua kumtoa kama watu wanavyowatoa nyuki mzingani, ila badala ya moshi akatumia joto.

Na joto lilikuja kweli. Mama Pasi aliishi kwa kufua na kupiga pasi: mashati ya watu wa ofisini, sare za wahudumu wa hoteli, magauni ya sherehe. Chumba chake cha kazi kilitazama uani, na jua la alasiri lilikuwa linapiga uani bila haya. Zamani hakulijali. Upepo uliingia kwa madirisha ya barabarani, ukatembea korido nzima, ukatokea mlango wa nyuma umebeba joto lote mgongoni. Sasa hewa ilikaa pale pale ilipo. Hewa ya asubuhi ndiyo aliyopikia mchana, na ndiyo hiyo aliyolala nayo. Jasho likawa linamdondoka kwenye kola nyeupe.

Karani mmoja alirudisha shati lake akilishika kwa vidole viwili.

"Mama Pasi, hili doa lilikuwepo?"

"Halikuwepo."

"Sasa ni la nani?"

"Ni la wifi yangu."

Karani aliondoka akiamini kwamba joto limeshampanda mama wa watu kichwani. Hakurudi tena, na wenzake wawili wa ofisi moja wakaacha kuja pia. Mama Pasi hakuwa mtu wa kulia. Tangu ujana wake alikuwa amejifunza kwamba machozi hayapunguzi bei ya kitu chochote. Lakini alijua wazi mambo yalivyokaa: wateja wakiisha, atahama, na akihama, wifi ataingia na ufunguo mpya kabla godoro halijapoa. Akaapa hahami. Na akaapa tena, kwa sauti ndogo, kwamba kutohama peke yake hakutamtosha.

Akaenda kwa fundi feni. Huyu alikuwa na kibanda mtaa wa pili, na kila mtu alimwita Kimbunga kwa sababu alikuwa mpole kuliko kondoo. Mama Pasi akaizunguka feni moja ya mezani kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hii shingo yake mbovu."

"Shingo haivumishi upepo, mama."

"Basi kama haina kazi, usinitoze shingo. Na huu waya umeuunga."

"Nimeuunga vizuri."

"Sijasema vibaya. Nimesema umeuunga."

Kimbunga akacheka, akajua ameshashikwa. Mwisho walikubaliana kwamba feni iende, na Mama Pasi atamnyooshea nguo zake na za watoto wake mpaka mvua zianze. Mvua zilikuwa karibu. Hilo Mama Pasi alilijua, Kimbunga hakulifikiria.

Siku ya pili yake alirudi kibandani amekunja uso.

"Umeniuzia mashine ya kunipulizia pumzi zangu mwenyewe!"

Kimbunga akafunga kibanda, akamfuata mpaka nyumbani. Akasimama katikati ya chumba cha kazi, feni inamvumia usoni, jasho linamtiririka vile vile.

"Mama, feni haina barafu tumboni," akasema. "Inahamisha hewa, basi. Na wewe umeifungia humu ndani. Inachota joto la kona hii inalipeleka kona ile, likifika linageuka linarudi."

Mama Pasi akaitazama feni. Akawaza jinsi anavyopanga kazi zake: bila kutoa mzigo wa jana, mzigo wa leo hauna pa kukaa.

"Kwa hiyo inataka kutoa," akasema. "Na pa kuingizia."

"Hapo umesema. Upande ule kuna nini?"

Upande ule kulikuwa na kabati la nguo za wateja, na nyuma ya kabati kulikuwa na dirisha lililosahauliwa. Lilitazama kichochoro kati yao na nyumba ya jirani, kichochoro chembamba kisichoona jua tangu asubuhi mpaka jioni. Wakalisukuma kabati, likalalamika sakafuni. Bawaba zilikuwa zimeshika kutu, Kimbunga akazipiga nyundo. Dirisha lilipofunguka, ilinyemelea hewa yenye harufu ya ukuta mbichi. Kisha wakaiweka feni kwenye dirisha la uani, imekipa chumba kisogo, inapuliza nje. Nafasi zilizobaki pembeni wakaziziba kwa kadibodi ili hewa iliyotoka isipate njia ya kurudi.

Mwanzo hakukutokea kitu. Mama Pasi akaanza kuandaa maneno ya kumtolea Kimbunga. Ndipo alipoona mashati yaliyotundikwa kwenye kamba katikati ya chumba yanainua mikono. Taratibu, moja baada ya jingine, mikono yote ikanyooka kuelekea feni. Akahisi kitu shingoni, chini ya kilemba. Ilikuwa hewa ya kichochoro, baridi, inapita kwenda kumtolea joto lake nje.

"Haya," akasema, maana kumsifu fundi mbele yake ni kupandisha bei ya safari ijayo.

Kuanzia hapo akawa na ratiba yake. Alfajiri alifungua kila kitu, nyumba ikanywa ubaridi mpaka ikashiba. Jua likipanda, alifunga mbao za madirisha ya uani, akaacha lile la feni na lile la kichochoro. Meza ya pasi aliihamishia karibu na feni, joto la pasi likawa linatoka moja kwa moja halipati hata muda wa kusalimia. Jua likizama, alifungua tena. Kola zikarudi nyeupe. Karani naye akarudi, akajifanya hajawahi kuondoka, na Mama Pasi akajifanya hakumbuki.

Sasa njoo kwa wifi.

Jioni moja Mama Pasi alikuwa anapita barabarani na furushi la nguo kichwani, akainua macho kuangalia madirisha ya saluni. Yalikuwa wazi yote. Upepo siku hiyo ulikuwa unavuma mpaka unafukuza mifuko ya plastiki barabarani. Lakini mapazia ya wifi, yale mapazia ya waridi ambayo zamani yalikuwa yanarukia ndani mpaka yanawafunika wateja, yalikuwa yananing'inia tu kama nguo zilizonyeshewa.

Mama Pasi akasimama. Furushi likamwelemea, hakulisikia. Ubavu mmoja wa nyumba ulikuwa umegusana na ukuta wa jirani, na ule wa kichochoro haukuwa na tundu huku mbele; vyumba vya wifi havikuwa na dirisha lingine ila yale ya barabarani. Upepo ulifika dirishani, ukachungulia, ukakuta nyumba imejaa hewa isiyo na pa kutokea, ukaenda zake. Koo la nyumba lilikuwa ile korido. Wifi alikuwa amejinyonga kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa saruji nzuri.

Alicheka njia nzima. Alicheka mpaka muuza maji akamuuliza kama ameokota kitu.

Kilichofuata kilikuwa rahisi, kwa maana alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Ila kunyamaza nako kunataka mpangilio. Akaenda kwa Kimbunga.

"Wifi yangu atakuja kununua feni."

"Ameshakuja. Amechukua moja, anataka na ya pili. Anasema draya zake nne zikiwaka, humo ndani ni tanuri."

"Muuzie."

"Itamsaidia nini, na ukuta ule? Mimi nitamwambia..."

"Kimbunga mwanangu. Wewe unauza feni au unauza maarifa?"

Kimbunga akakuna kichwa.

"Nguo zako nitaendelea kuzinyoosha hata mvua zikianza," akasema Mama Pasi. "Na zile suruali za mafuta ya mashine ambazo mkeo anazikimbia, niletee. Wewe uza feni. Akikuuliza, mwambie ukweli wote. Asipokuuliza, una haraka gani?"

Wifi hakuuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza, alikuwa mtu wa kuamuru. Akanunua feni ya pili, akanunua na ya tatu ya kutundika darini, zote zikawa zinazungusha joto la draya kama mtu anayekoroga sufuria. Wateja wakaanza kutoka na nywele nusu. Saluni ya ng'ambo ya barabara ikaongeza viti.

Aliyekuwa anaumia bila kosa ni mama mkwe. Yule bibi aliishi mbele kwa binti yake. Siku ya ukuta alikaa kimya, na Mama Pasi hakumlaumu, maana alijua bibi anakula sahani ya nani. Lakini siku alipomwona ameketi kibarazani saa nane ya mchana, anajipepea kwa kipande cha kadibodi, macho yamelegea, hakuweza kumpita. Akamshika mkono, akamzungusha kwa kichochoro mpaka nyuma, akamkalisha kwenye kiti cha marehemu, kati ya dirisha na feni.

Bibi akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu.

"Kumbe binti yangu ameuhamishia upepo wote huku," akasema.

"Mwanao hajahamisha kitu, mama. Huu nimeutafuta."

Bibi akaiangalia feni iliyogeuka nje, akaangalia dirisha la kichochoro, akaangalia mashati yanavyopunga mikono. Macho yalikuwa yamezeeka, akili haikuzeeka.

"Unajua dawa ya kule mbele."

"Naijua."

"Mwambie."

"Hajaniuliza."

"Ni wifi yako."

"Ndiyo, mama. Na mimi ni mke wa kaka yake. Hilo nalo ameliziba kwa tofali."

Bibi akajinyoosha kitini. "Basi mimi nimehamia huku mchana," akasema. "Akiniulizia, sijui mtamwambia nini. Mimi nimelala."

Ikawa hivyo. Kila mchana binti alibaki mbele na feni zake tatu, mama yake mzazi anakoroma nyuma kwa mkwe. Majirani waliliona, na majirani hawakuumbwa kunyamaza. Wifi akawa anakuja mpaka mlango wa uani, anasimama pale hataki kuingia.

"Mama, njoo ule."

"Nitaletewa huku," sauti ya bibi inajibu kutoka kwenye ubaridi.

Mama Pasi angeweza kuishia hapo. Watu wengi wangeishia hapo, wakajiona wameshinda. Yeye hakuona alichoshinda. Wifi akipata akili siku moja akatoboa ukuta mwenyewe, vyumba vitarudi kuhesabiwa kama zamani. Aibu ya majirani hupita. Alichotaka ni neno la wifi, lisemwe kwa mdomo wake, mbele ya mama yake, akiwa hana njia nyingine. Akangoja siku ambayo wifi atakuwa na haraka. Mtu mwenye haraka hapatani bei.

Siku yenyewe ikaja na harusi. Bibi harusi alipelekwa saluni ya wifi pamoja na wapambe wake watano, na nguo zao zikaletwa nyuma kwa Mama Pasi zinyooshwe. Draya zote nne ziliwaka tangu asubuhi. Mama Pasi alizisikia zinavyounguruma ng'ambo ya ukuta, akapunguza kasi ya mkono wake makusudi. Gauni la bibi harusi akaliweka la mwisho.

Alasiri mama wa bibi harusi akatokea uani, anakimbia nusu, nusu anatembea, leso mkononi.

"Mama, gauni limekuwa ta..." Akasimama kizingitini, mdomo wazi. "Jamani. Huku mbona ni kama asubuhi?"

"Karibu ndani."

"Mwanangu anayeyuka kule! Poda wanapaka, poda inateremka shingoni. Mpambe mmoja ameanguka kitini. Nyumba ni hii hii?"

"Ni hii hii, ina ukuta katikati."

Mama wa bibi harusi hakungoja maelezo. Baada ya muda mfupi kichochoro chote kilijaa mabinti waliobeba viatu mkononi, katikati yao bibi harusi, nyusi moja imechorwa na nyingine imemwagika. Nyuma kabisa, akiwa amekumbatia sanduku la vipodozi na vitana vimemjaa mfukoni, alikuja wifi. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso.

Wote wakaingia. Wifi akafika mlangoni akamkuta Mama Pasi amesimama katikati ya mlango, pasi mkononi.

"Wifi," akasema kwa sauti ambayo haikuzoea kutumika, "naomba chumba kwa muda mfupi."

"Chumba kipi?"

"Hiki."

"Hiki si ndicho kisichokalika?"

"Wifi, magari yanakuja..."

"Nayasikia. Na gauni bado pindo." Mama Pasi akageuka, akalitandaza gauni mezani, akaweka pasi polepole kama mtu aliye peke yake. "Ule ukuta utauvunja."

"Nitauvunja."

"Mwashi ni wako, na vifusi utabeba wewe."

"Sawa."

"Mahali pake utaweka mlango wa mbao. Komeo liwe upande wangu."

Wifi akakunja uso. "Upande wako? Na mimi nikitaka kufungua?"

"Utabisha hodi. Nami vyumba vyangu nitakuwa nimevifunga, upepo upite kwenye korido utokee uani. Joto la draya zako silitaki chumbani mwangu."

"Hapana, wifi, hiyo sasa..."

Mama Pasi akaiinua pasi kutoka kwenye gauni, akaisimamisha pembeni, akakunja mikono. Pindo lilikuwa limenyooka nusu.

"We mama wa saluni!" mama wa bibi harusi akapiga kelele kutoka ndani. "Komeo lina ukubwa gani mpaka mwanangu akose kuolewa? Kubali!"

"Nimekubali."

"Bado," akasema Mama Pasi. "Na hivi vyumba?"

"Vyumba gani?"

"Hivi unavyovihesabu."

Wifi akatazama chini. "Ni vyako."

"Sijasikia. Feni inapiga kelele."

"Ni vyako!"

"Usiniambie mimi, mimi najua. Mwambie mama yako."

Bibi alikuwa kwenye kiti cha marehemu, macho wazi kabisa, halali hata kidogo. Wapambe walikuwa wamegeuka kutazama. Wifi akamgeukia.

"Mama. Vyumba vya nyuma ni vya wifi. Sivitaki. Sitavidai."

"Ni vya mwanangu na mkewe," akasema bibi. "Ulikuwepo baba yako aliposema. Siku ukisahau nitakukumbusha, na hawa mabinti wote nitawaita." Kisha akamgeukia bibi harusi. "Wewe kaa hapa kwangu, mwanangu, hapa ndipo upepo unapopita."

Ndipo Mama Pasi alipomruhusu wifi kuingia. Akamwonyesha na pa kusimama: kwenye kona, ubavuni mwa meza ya pasi, mahali pekee chumbani ambapo hewa haikufika vizuri. Wifi alimaliza nyusi za bibi harusi akiwa pale, mvuke wa pasi unampanda mgongoni. Bibi harusi alitoka amekauka, amepambika, poda imetulia. Kila mtu mtaani alisema hajapata kuona kazi nzuri vile, na wifi akapokea sifa huku anatazama pembeni.

Ukuta ulivunjwa wiki ile ile, na mwashi yule yule. Mama Pasi hakupiga makofi wala hakutabasamu. Alisimama akimwelekeza aliyekuja kupachika mlango: bawaba hapa, komeo hapa, lisogeze juu kidogo, hapo, kaza. Wifi alikuwa ng'ambo, anafagia vumbi, anasikia kila skrubu inavyoingia.

Kesho yake mchana draya zikawaka. Mama Pasi alikuwa kwenye shati la pili la karani aliposikia mlango unagongwa, taratibu, kwa kifundo cha kidole.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi. Wifi yako. Nifungulie kidogo, joto limezidi, nina wateja."

Bibi kitini akafungua jicho moja, akamtazama mkwewe. Mama Pasi akapiga mkono wa kulia wa shati. Akaugeuza, akaupiga na upande wa pili. Akapiga mkono wa kushoto. Akalifunga vifungo, akalikunja, akaliweka juu ya wenzake, akalisawazisha kwa kiganja. Ng'ambo mtu alikuwa anahema.

"Wifi, upo?"

"Nipo. Hapa ni kwangu, nitakwenda wapi?"

Akatoka chumbani, akaufunga mlango wa chumba nyuma yake, akaenda koridoni kwa mwendo wake wa kawaida. Akavuta komeo. Mlango akaufungua upana wa kiganja, akaupachika kabari ya mbao usizidi hapo. Upepo ukapita katikati yao na kipande cha nywele za mteja fulani, ukatokomea uani.

"Asante, wifi," ikasema ile sauti ya upande wa pili.

Mama Pasi akarudi kazini. Kesho, akifurahi, huenda angempa viganja viwili.